Mipira kubwa na mazutu: tuhesabu kilometa mbele ya kushitaki shofere

Toka tarehe 16 Oktoba 2025, kobalti ya Kongo inatoka inje kwa kota. Mbele ya pale, toka tarehe 22 Februari ya mwaka ule ule, ilikuwa imefungiwa mulango kabisa. Kwa mwaka 2026, ARECOMS, ile ofisi ya serkali yenye kuchunga soko ya madini, iliweka tani 96 600 kwa inchi muzima, na kwa 2027 vilevile. Jamaa zenye kuishi na mine, kuanzia Kolwezi mupaka Lubumbashi, hazina lazima ya kufasiriwa mambo ile inaleta nini ku meza. Makampuni kidogo yenye kufanyia mine kazi yanafunga mukono, na mukono ikifungwa, patro anatafuta fasi ya kupunguza.

Kwa mutu mwenye iko na motokari ya 4x4 yenye kupeleka wafanyakazi ku chantier, fasi ya kwanza ya kuangalia ni mazutu. Na hapo njo maneno inaanza. Patro anabadirisha mipira ya Hilux yake ao Prado yake, anaweka kubwa, za kupita fasi yote. Mwezi unaisha, anashika kaye ya motokari, anahesabu: "Kontere inasema ulitembea kilometa 561. Ilipashwa kukunywa litri 67. Weye ulikunywa 78. Litri 11 iko wapi?" Shofere anajibu: "Patro, sikuuzisha kitu. Ni mipira njo inakunywa."

Mara mingi mambo inaishia mubaya: mushahara inakatwa, ao shofere anafukuzwa, na bibi na watoto wanabakia kuuliza wataishi namna gani. Kumbe ile litri 11 iko na maelezo, na inaweza kuhesabiwa na kalamu na karatasi tu. Njo yenye tunataka kufanya leo.

Bei haiko mu mukono yetu

Tuanze na sababu gani kila litri inauma. Kongo inatosha petroli ku Muanda, karibu na bahari, lakini inaiuzisha ikiwa mbichi. Mazutu yenye tunatia mu motokari hapa Katanga inatoka mbali. Inashuka ku bandari za wengine, sawa vile Dar es Salaam ao Beira, kisha makamio ya siterne inapita Zambia na kuingilia ku Kasumbalesa. Kila mupaka, kila peaje, kila siku yenye kamio inalala mu foleni, yote inaingia mu bei.

Kisha, bei ya ku pompe haipatanwi. Serkali ya Kinshasa njo inaiweka, kwa kufuata zone. Siye tuko mu zone Sud. Mutu wa Ruashi ao wa Kampemba hawezi kubishana na mutu wa stasio. Kitu kimoja tu anaweza kubadirisha: hesabu ya litri yenye motokari yake inakunywa. Na mipira iko mu ile hesabu zaidi ya vile wengi wanazania. Ulaya, mu sheria yao ya mwaka 2009 juu ya alama za mipira, waliandika kama mipira peke yake inakula kati ya asilimia 20 na 30 ya mafuta ya motokari. Sehemu moja kwa ine, tano, inaisha pale mupira inagusa barabara.

Sababu gani mupira kubwa inakunywa

Ya kwanza ni kujikunja. Mupira ikizunguka, pale inagusa chini inajikunja, kisha inajinyoosha tena. Kila mara inajikunja, inageuza nguvu kuwa moto. Njo maana ukitoka Likasi na ukigusa mupira, unaona iko moto. Mipira ya kupita fasi yote iko na meno kubwa na mpira munene, basi inajikunja na nguvu zaidi kupita mipira laini ya gudron.

Watu wa mine wanaweza kusikia hii jambo mbio, juu wanaiona ku kazi. Mu mine za wazi, kila siku kuko niveleuse yenye kukwangua barabara na kamio ya maji yenye kunyunyiza. Patro wa mine hafanyi vile juu ya uzuri. Kuko kanuni yenye wahandisi wanatumikisha: kila asilimia moja ya ugumu wa kuzungusha mupira ni sawa na kupanda mulima wa asilimia moja. Barabara ngumu, yenye kutunzwa, iko ku asilimia 2 hivi kwa makamio kubwa. Fasi yenye mupira inazama, inaweza kufika 10 na kupita. Kamio yenye inatembea fasi sawa inatumika kama vile iko inapanda mulima, hata macho haioni mulima.

Tulete ile hesabu ku motokari yetu kidogo. Tuseme motokari na muzigo wake ni tani 3. Ku gudron, na mipira ya kawaida, ugumu inaweza kuwa asilimia 1,2. Ile ni nguvu ya kilo 36, sawa na kuvuta na kamba mufuko wa kilo 36 toka mu shimo, bila kupumuzika, toka Lubumbashi mupaka Kolwezi. Weka mipira ya meno kubwa, ugumu ipande ku asilimia 1,5: mufuko unakuwa kilo 45. Kilo 9 inaonekana kidogo, lakini mutu mwenye alishavuta mifuko siku muzima anajua kilo 9 ni nini.

Ile ni ongezeko ya robo moja. Wanasayansi wa Marekani, mu ripoti ya mwaka 2006 juu ya mipira na mafuta, walisema kama ukibadirisha ugumu wa kuzunguka kwa asilimia 10, mafuta inabadirika kwa asilimia 1 mupaka 2. Basi robo moja ya ugumu inaleta kati ya asilimia 2 na nusu na asilimia 5 ya mazutu.

Ya pili ni uzito. Mupira kubwa ni nzito kupita ya kawaida, mara mingi kwa kilo kadhaa kila moja, na ile uzito inazunguka. Kila mara unaanza toka ku peaje, ku barrière, ku rond-point, motere inapashwa kuamusha ile uzito upya. Mu muji, kati ya Kenya na Katuba, fasi unasimama na kuanza kila hatua, njo inaonekana zaidi.

Ya tatu ni upepo. Mipira kubwa inainua motokari, na wengine wanaongeza tena resori juu ipande zaidi. Motokari yenye iko juu inapasua upepo mingi.

Ya ine ni vitesi. Mupira kubwa inatembea fasi mrefu kwa kila muzunguko, basi motere inakosa nguvu kama vile uko mu vitesi ya juu wakati wote. Ku mulima, na muzigo, shofere anarudisha vitesi chini na kukanyaga. Freni nayo inatumika zaidi juu ya kusimamisha ile mupira. Ile haiko maneno ya mazutu, ni maneno ya uzima wa watu wenye wako nyuma.

Kwa mambo ile ine pamoja, tuseme motokari yetu ilikuwa inakunywa litri 12 kwa kilometa 100 na sasa inakunywa 13. Ile ni asilimia 8. Motokari ingine itapata kidogo, ingine zaidi, lakini tushike ile mufano.

Kilometa zenye hazionekani

Sasa tuingie mu jambo yenye inaleta mateto. Kontere ya motokari haione barabara. Inahesabu mizunguko ya mupira, kisha inazidisha na kipimo yenye waliweka ku kiwanda. Ukibadirisha kipimo ya mupira, kontere haijue. Inaendelea kuhesabu kama mbele.

Angalia pembeni ya mupira. Hilux na Prado mingi zinakuja na 265/65R17. Maana yake: upana ni milimeta 265, kimo ya pembeni ni asilimia 65 ya ile upana, na janti ni pouces 17. Ukihesabu, mupira muzima iko na milimeta 776 toka chini mupaka juu. Sasa watu wanaweka 285/70R17. Ile inafika milimeta 831. Gawanya 831 na 776: unapata 1,07. Mupira mupya ni kubwa kwa asilimia 7.

Basi kila mara kontere inaandika kilometa 100, motokari imetembea 107. Tuchukue safari ya Kolwezi. Kwenda na kurudia ni karibu kilometa 600. Kontere itaandika 561 tu. Motokari, kwa litri 13 kila kilometa 100 za kweli, imekunywa litri 78. Patro anashika 561, anazidisha na ile litri 12 yake ya zamani, anapata 67. Anaona litri 11 inapotea.

Tuigawanye ile litri 11. Mbele, na mipira ya kawaida, safari ile ile ilikuwa litri 72. Toka 72 mupaka 78 ni litri 6: ile njo mipira ilikunywa kweli. Yenye inabakia, karibu litri 5, hakuna mutu alikunywa, hakuna mutu aliuzisha. Ni kilometa 39 zenye motokari ilitembea na kontere haikuandika. Kwa safari ine mu mwezi, patro anaona bidon mbili za litri 20 zimepotea na zaidi, na karibu nusu ya ile hasara haiko.

Hatusemi kama wizi hauko. Kila mutu anajua mazutu inauzishwaka pembeni ya barabara, mu chupa na mu bidon, na haitoke yote ku stasio. Lakini hesabu ya kweli inamusaidia patro mwenye anaibiwa pia. Mutu mwenye anajua kama mipira yake inapashwa kula litri 6, siku yenye itakuwa 15 ataona mbio, na atakuwa na neno ya kusema. Mutu mwenye hajue, anamufukuza shofere wa haki leo na kesho anamulipa mwizi.

Kontere ya mwendo inadanganya vilevile. Sindano ikiwa ku 80, motokari inaenda karibu 86. Ikiwa ku 100, inaenda 107. Na upepo haina huruma: mwendo ukipanda kwa asilimia 7, upepo inasukuma kwa asilimia 14 na zaidi. Shofere anazania iko anatembea polepole kama kawaida, kumbe anakimbia na anachoma. Na siku polisi ya roulage inamusimamisha na kipimo mu mukono, hawezi kujitetea na sindano.

Tena vidanji. Kama unabadirisha mafuta ya motere kila kilometa 5 000 ya kontere, kweli umeshatembea 5 350.

Gudron ni ingine, matope ni ingine

Mutu anaweza kuuliza: kama ni vile, sababu gani watu wanaweka mipira kubwa? Wengine ni juu ya sura, motokari ionekane ya nguvu. Lakini kuko sababu ya kweli, na iko mu ile kanuni ya mine.

Ku gudron, mupira kubwa inaleta ugumu zaidi. Mu matope ao mu muchanga, inaweza kugeuka. Mupira ndogo inazama. Kila hatua inapashwa kutoka mu shimo yenye imejichimbia yenyewe. Pale ugumu inaweza kufika asilimia 10. Kwa motokari yetu ya tani 3, ile ni kuvuta kilo 300 na kamba. Mupira kubwa na pana inagawa uzito fasi mingi, inazama kidogo. Hata ikishusha ile 10 kufika 8, umepunguza kilo 60, na ile inapita mbali ile kilo 9 yenye ulipoteza ku gudron.

Basi jibu inategemea barabara yako. Wenye kutembea Kasumbalesa, Likasi ao Kolwezi, wako ku gudron karibu safari muzima. Kwao, ile litri 6 ya kila safari haileti kitu. Kwa safari ine mu mwezi, mwaka muzima ni litri 288, bidon 14 za litri 20. Zidisha na bei yenye iko imeandikwa leo ku stasio yako, utaona wewe mwenyewe.

Wenye kupanda Mitwaba ao Pweto, toka mwezi wa 11 mupaka mwezi wa 4 wakati mvua inanyesha, hesabu yao ni ingine. Motokari ikikwama siku mbili, mazutu ya kuzungusha mupira fasi moja, feza ya kulipa watu wenye kusukuma, na siku za kazi zenye kupotea zinapita bidon mingi. Kwao mupira kubwa inaweza kuwa akili.

Wengi wako katikati: kilometa 200 ku gudron, kisha 15 ya udongo kufika chantier. Kwao kuko njia yenye haizungumuziwi sana. Unaweza kununua mupira ya meno, ya kupita fasi yote, lakini ya kipimo ile ile ya kiwanda. Unapata meno ya kushika udongo, na kontere inabakia kusema ukweli. Mazutu itapanda kidogo juu ya meno, lakini haitapanda juu ya kimo na vitesi.

Mbele ya kununua, na kisha kununua

Kama mipira kubwa imeshawekwa, hauna lazima ya makaniki kujua kipimo yako. Kamata kreyo ya shaki, weka alama ku mupira na chini. Sukuma motokari fasi sawa mupaka alama imezunguka mara kumi, kisha pima na metre. Fanya vile na mupira ya zamani, ao na motokari ingine ya namna ile ile yenye ingali na mipira ya kiwanda. Gawanya kipimo kubwa na kidogo. Ukipata 1,07, andika 1,07 ku ganda ya kaye ya motokari, na kila mwezi zidisha kilometa za kontere na ile namba mbele ya kuhesabu litri. Patro na shofere wafanye ile kazi pamoja, wote wawili wanaangalia, ili kesho mutu asiseme hakujua.

Angalia hewa kila juma, asubui, mupira ikiwa baridi. Serkali ya Marekani inahesabu kama mipira yote ikipungukiwa nusu ya bar, mazutu inapanda kwa karibu asilimia 1 na nusu. Mu matope shofere anaweza kutosha hewa kidogo ili mupira ishike. Hiyo ni akili. Lakini akirudia ku gudron bila kujaza tena, anachoma mazutu na anaharibu mupira pembeni. Pompe kidogo mu motokari inajilipa yenyewe.

Kama unanunua mipira ya okazio, tafuta namba ine zenye kufuata herufi DOT. Namba 2319 maana yake juma ya 23 ya mwaka 2019. Meno inaweza kuwa kubwa na mpira wenyewe umeshazeeka, na mupira yenye kupasuka ku barabara ya Kolwezi, katikati ya makamio, haiulizi ilikuwa bei gani.

Na kwa jamaa zenye shofere wao ameshashitakiwa: musikubali haraka na musikatale haraka. Muombe kuona mambo tatu: kaye ya motokari, karatasi za stasio, na namba ya mupira mbele na kisha. Na ile tatu, mutoto wa sekondari anaweza kufanya hesabu yote mu dakika kumi. Kama kuko litri zenye kupotea kisha ya ile hesabu, pale patro iko na haki ya kuuliza. Kama haziko, mushahara yenye ilikatwa inapashwa kurudishwa.